Gari la Kiti Kimoja na Macho ya Fundi

Fundi aliamkia magari kabla ya kuamkia watu. Ukifika kwake na gari bovu, ukashuka na kunyoosha mkono, alikupita kama mlingoti wa stima, akaweka kiganja juu ya boneti na kuuliza, "Umeamkaje, wewe?" Alisikiliza kidogo. Akisharidhika na jibu, ndipo alipokugeukia: "Haya, na wewe je?" Wengine walikasirika. Kuna mwalimu wa Karatina aliyeondoka kabisa akisema hawezi kupangwa foleni nyuma ya pikapu yake mwenyewe.

Gereji yake ilikuwa Majengo, hapa Nyeri, hatua chache kutoka msikitini: mabati manane juu, na ukuta mmoja wa matofali ambao upande wa pili ulikuwa wangu. Mimi nina kibanda hapo, nashona viti vya magari. Shule niliachia kidato cha pili, na sikuacha kwa kupenda, lakini sina kinyongo. Nina cherehani, nina mikono, na kichwa changu kimejaa ndoto kiasi kwamba nyingine huzisahau kabla sijazimaliza. Siku moja nilimwambia Fundi kwamba nitashona viti vya ndege. Hakucheka. Aliuliza tu kama ngozi ya ndege inapata baridi sana kule juu, maana ngozi ya kawaida ingepasuka.

Jina lake nalijua lakini hapa sitalitumia, kwa sababu hakuna aliyelitumia mtaani. Alikuwa Fundi, basi.

Nyuma ya gereji, chini ya turubai la kijani, kulikuwa na kile kitu kilichowafanya watu wamwone mwendawazimu. Gari la mashindano, lile dogo la vijana wanaoanza mashindano, lenye kiti kimoja katikati na halina paa. Mwili wake ulikuwa mwembamba kama ganda la minji, na magurudumu yalitoka nje pande zote kama miguu ya chura. Ukisimama kando yake linakufika kiunoni. Mara ya kwanza kulifunua mbele yangu, alilifunua taratibu, kama mtu anayemwondolea mtoto blanketi.

"Nataka kuikimbiza mara moja," aliniambia. "Mara moja tu, barabara imenyooka, mpaka mwisho. Maisha yangu yote natengeneza gari ya watu ndio wakimbie. Mimi sijawahi kukimbia."

"Si ukimbie leo, Fundi?"

"Injini bado." Kisha akasugua macho kwa mgongo wa mkono wenye grisi. "Na hizi nazo haziningojei."

Alikuwa na presha ya macho. Kuona kwake kulikuwa kunaisha kutoka pembeni kuelekea katikati, kama mtu anayevuta kamba ya mfuko. Kwa hivyo mambo yalikuwa mawili tu, na mtaa mzima uliyajua: gari lipone kabla macho hayajazima, au macho yazime kwanza.

Cha ajabu ni kwamba sijawahi kuona dereva mwoga kama yeye. Pikapu yake aliiendesha kama anabeba mayai ya watu. Tukipanda kutoka Ruring'u, baiskeli zilitupita, na mwenye baiskeli alitupungia mkono. Nilimwuliza mtu wa namna hiyo anataka gari la mashindano la nini. Akanijibu kwa ukali kidogo, "Barabara ya watu iko na watu. Mtoto anaweza kutoka kwa majani chai pale. Hapana, kairitu, mtu anakimbia mahali hakuna mtu." Kairitu ni msichana kwa Kigikuyu, ndivyo alivyoniita hata nilipopita umri wa kuitwa hivyo.

Historia ya gari lile aliisimulia kwa namna tatu, kutegemea msikilizaji. Kwa watoto waliotoka madrasa na kuchungulia, lilikuwa limeshinda kila mahali na kuwaacha wazungu midomo wazi. Kwa wazee wenzake wa kanisani, lilikuwa kifaa cha shamba tu, wasije wakamwombea. Mimi alinipa ile ya tatu, na ndiyo ninayoiamini kwa sababu haina sifa.

Lililetwa kwa meli na mzungu mmoja wa kahawa kwa ajili ya mwanawe. Kijana akashindana nalo misimu miwili na hakushinda hata mara moja. Aliondoka nchini akaliacha kwenye ghala la kahawa upande wa Mweiga, na hapo likaanza kugawanywa kama mbuzi wa sherehe. Injini ilichukuliwa ikafungwa kwenye kinu cha posho, Othaya. Magurudumu ya nyuma yaliishia kwenye mkokoteni wa kabichi, Karatina. Usukani ulikuwa kwa mtu wa Kiganjo ambaye aliutundika ukutani karibu na picha ya harusi. Mwili wenyewe ulibaki ghalani, na kuku wakaona ni pahali pazuri pa kutagia.

Fundi alivikusanya vyote, kimoja kimoja, kwa miaka ambayo mimi sikuwepo. Mwenye mkokoteni alikataa kabisa kuachia magurudumu. Alisema mkokoteni wake ndio unaotangulia sokoni kila asubuhi, na sasa alijua sababu. Fundi akamtengenezea mkokoteni mpya mzima, mwepesi zaidi, akamwacha aujaribu wiki nzima mtelemko na mpando, ndipo wakabadilishana. Mwenye kinu naye alilia injini ilipotolewa. Injini hiyo ilisaga mahindi miaka mingi kuliko ilivyoshindana. "Hii imelisha watu," Fundi alikuwa akisema akiipangusa. "Hata isipokimbia tena, imefanya kazi ya maana."

Aliikwangua rangi ya gari mwenyewe kwa msasa, polepole, tabaka kwa tabaka. Juu nyeupe, chini yake nyekundu, chini yake buluu, chini kabisa kijani. Alipofika kwenye kijani aliacha. Alisema kila rangi ni mtu aliyelipenda, na hana ruhusa ya kuwafuta wote.

Kusikiliza ndiko kulikokuwa kazi yake hasa. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiegemeza kwenye injini, mpini akaubana sikioni, akafumba macho. Ukiongea alikunyamazisha kwa kidole. Mteja akilalamika kwamba gari linapiga kelele, alimwambia, "Hii si kelele. Hii ni habari. Wewe ndio hujui kusoma."

Na kulikuwa na jambo la jeti. Jeti ni kashaba kadogo, kipande tu cha shaba ndani ya kabureta, kenye tundu ambalo petroli hupitia. Mafundi wa Nyeri wana mazoea ya kuziba tundu hilo kidogo kwa risasi ya kulehemu na kulitoboa upya, dogo zaidi, kwa sababu huku juu hewa ni nyembamba na petroli ikizidi injini inakohoa moshi mweusi. Fundi alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alitoboa kwa sindano, na sindano alizichukua kwangu. "Kairitu, leta ile yako nyembamba, ya hariri." Akakaa juani na kale kashaba, akazungusha, akakinga mwanga, akazungusha. Madereva waliotoka tambarare wakija kwake alikuwa akiwabadilishia, na wakirudi aliwaonya: "Ukiteremka, unirudishie hii yangu uweke yako. Hewa ya chini ni nzito, inataka petroli mingi. Ukisahau, utachoma pistoni." Nilimsikia akisema hivyo mara nyingi hata ningeweza kuimba.

Macho yalipoanza kumtupa, alitukasirikia sisi. Alijigonga kwenye mlango aliouingia miaka yote, akauliza, "Nani amehamisha hii mlango?" Alimimina chai kando ya kikombe, halafu akailaumu meza. Siku moja alisalimu gunia langu la pamba, lile ninalolitumia kupimia viti, akaliuliza habari za nyumbani. Mimi nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika ukuta, na nilipoinua uso nikamwona amesimama pale pale, mkono bado umenyooshwa.

Baada ya siku hiyo sikumcheka tena. Nilimpeleka kliniki ya macho. Daktari alikuwa mwanamke mpole, alimweleza vizuri: kilichopotea hakirudi, dawa ya matone itachelewesha tu kilichobaki. Fundi akamwuliza, "Itachelewesha mpaka lini?" Daktari akasema hawezi kuahidi. Fundi akauliza tena, sauti imepanda, "Si unaniambia tu miezi? Mimi niko na injini imefunguliwa. Nataka kujua nifunge lini."

Tulirudi Majengo. Tangu hapo alifanya kila kitu alichoambiwa na kila mtu. Matone ya daktari aliyaweka. Maji ya mizizi ya mama mmoja wa Chaka aliyanywa yakamharisha. Mchungaji alimwekea mikono. Sheikh jirani, aliyekuwa rafiki yake wa siku nyingi, alimsomea dua, naye Fundi, mzee wa kanisa, akaitikia amina kwa sauti kuliko wote. "Nikipata mmoja wa kunisikia," aliniambia, "sitauliza ni wa upande gani."

Injini ikafungwa. Iliwaka mara ya tatu ya kujaribu, na Majengo nzima ikatoka nje na vijiko mkononi. Ilikuwa inalia kama kitu kilichokanyagwa mkia. Fundi alibana bisibisi sikioni, akafumba macho, akatabasamu kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akitabasamu. Kisha akasema, "Mwea."

Sote tulielewa, au tulidhani tumeelewa. Nyeri haina barabara iliyonyooka. Hata ile inayoonekana imenyooka ina mtelemko wake imeuficha. Mwea kwenye mashamba ya mpunga kuna barabara za kando ya mifereji, tambarare kama meza. Swaleh, jirani yetu anayeendesha lori la mchele, huteremka Mwea lori likiwa tupu. Tukakipakia kile kigari juu.

"Mzee," Swaleh alisema akifunga kamba, "hii ni gari ama ni jeneza ya magurudumu?"

"Funga kamba wewe. Ati jeneza! Ukiisikia ikienda utatafuta mahali pa kuficha hiyo lori yako."

"Na breki ziko?"

"Ziko. Ni wewe hauna adabu."

Alikataa tuanze asubuhi. Tulifika mapema, tukala mandazi, tukangoja. Mashamba yalikuwa yamejazwa maji, ndiyo kwanza watu wanapanda, na wanawake walikuwa wameinama humo wamekunja nguo. Fundi aliitembea barabara yote kwa miguu, kwenda na kurudi. Ilikuwa ya udongo mweusi uliokauka ukakaza. Kila baada ya muda aliuliza jua liko wapi. Lilipopanda sana, akasema sasa. Tuliwaomba wenye bodaboda wawili wasimame huko mwisho wazuie watu. Swaleh na mimi tukamshika mikono akaingia kwenye kiti nilichomshonea, na alipokaa alinishika kifundo cha mkono akanibana hadi nikaumia.

"Kairitu, nikianguka kwa mfereji mnitoe mimi kwanza. Usiwaache watoe gari kwanza."

Nilidhani ni mzaha, nikacheka peke yangu.

Akaenda. Sina maneno mazuri ya kusema jinsi alivyoenda. Yule mtu wa kubeba mayai! Wanawake walisimama wima majini. Kile kigari kilikuwa kinakaza sauti, kinakaza tena, naye kichwa chake kidogo juu yake hakitikisiki. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Alikuwa hajafika nusu ya barabara sauti ilipobadilika. Ikawa nyembamba, kavu, kama mtu anayeishiwa pumzi. Halafu kishindo, moshi wa buluu, na kimya. Gari likajikokota likasimama.

Tulipomfikia hakuwa ameshuka. Mikono yake bado ilikuwa kwenye usukani.

"Jeti," alisema.

Swaleh hakuelewa. Mimi nilielewa. Hakubadilisha jeti. Alikuwa ameteremka kutoka Nyeri na lile tundu la sindano yangu, tundu la hewa ya mlimani, yeye aliyekuwa akiwaonya wote. Pistoni ilikuwa imetoboka katikati kama chapati iliyoungua.

"Fundi, na wewe ndiye unayetuambiaga..."

"Najua."

"Hata mimi ningekumbuka! Mbona sikukukumbusha?"

"Nyamaza, kairitu. Sikuwa nawaza jeti. Nilikuwa nawaza maji."

Tuliketi kwenye tuta, miguu ikining'inia juu ya mfereji, na akaniambia kile alichokuwa amenificha. Macho yake yalikuwa mabovu kuliko tulivyojua. Barabara ya Nyeri hakuiona tena; aliendesha pikapu kwa mazoea, na ndiyo sababu ya ule mwendo, miaka hii ya mwisho. Mwea hakuichagua kwa kunyooka tu. Aliichagua kwa sababu wakati wa kupanda maji hujaa kushoto na kulia, na jua likiwa juu maji huwa meupe kabisa, na katikati hubaki mstari mweusi. "Hiyo naona," alisema. "Nyeusi kwa katikati ya nyeupe. Hiyo bado naiona. Ukitoa maji, mimi sioni barabara, naona dunia yote ni moshi."

Kisha akauliza, "Wanatoa maji lini?"

Swaleh akamwambia mpunga ukikua maji hayaonekani tena, yanafunikwa na majani. Mpaka msimu mwingine wa kupanda.

Fundi akainamisha kichwa. Sikuwahi kumwona mzee akilia kwa sauti, na nisingependa kuona tena. Wanawake wale walirudi kuinama kwenye kazi yao, kwa heshima, wakatugeuzia migongo.

Miezi iliyofuata alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Aliifungua injini kwa kupapasa. Spana alizitambua kwa kupitisha ukucha kwenye namba iliyochongwa, na akikosea aliitupa ukutani, upande wangu, nikasikia matofali yakilia. Nilimwomba aniachie nimsomee namba. Siku nyingine alikubali. Siku nyingine alisema, "Wewe rudi kwa viti vyako, usinione hivi." Halafu siku moja feni ya injini ya mteja ilimchukua ncha za vidole viwili, kwa sababu hakuona kwamba inazunguka. Dada yake akaja kutoka Kangema, mama mrefu asiyesema sana, akamfungia nguo kwenye mfuko mmoja na kumchukua. Gereji ikafungwa. Gari likabaki chini ya turubai, na mimi nikabaki na ukuta usiolia.

Nilisema mimi ni mtu wa ndoto. Nilimsumbua Swaleh, Swaleh akamsumbua fundi mmoja wa Karatina aliyewahi kufundishwa na Fundi, na yule kijana akachonga pistoni ya gari jingine mpaka ikakubali. Jeti akatoboa kubwa, ya Mwea. Injini ikawaka. Nilipiga vigelegele peke yangu pale gereji, na asubuhi iliyofuata nikaenda Kangema kumwambia. Njia nzima nilikuwa najiona nikimwambia.

Nilimkuta shambani kwa dada yake, ndani ya majani chai yaliyomfika tumboni, kikapu mgongoni. Alikuwa anachuma. Vidole vilivyobaki vilikuwa vinatembea juu ya kichaka, vinapata majani mawili na ncha, vinakata, vinatupa nyuma. Alichuma vizuri kuliko watu wenye macho.

"Ni kairitu wa viti," alisema kabla sijafungua mdomo. "Hicho kiatu chako kimoja kinalia."

Nilisimama mbele yake nikapunga mkono usoni pake, pole pole. Sijui kwa nini nilifanya hivyo.

"Unapunga mkono. Nasikia upepo," alisema. "Usijali, naona bado. Si mingi, lakini mwanga naona. Jua si liko hapa?"

Akaonyesha mbele yake kwa kidole. Jua lilikuwa nyuma yake.

"Liko hapo," nikasema.

Dada yake, aliyekuwa mstari wa pili, aliacha kuchuma akanitazama, kisha akaendelea.

Nikampa habari. Nilizitoa haraka, zote pamoja, kwa sababu nilizileta na sikujua nizipeleke wapi tena. Maswali yakaanza kumtoka mfululizo. Pistoni ni ya gari gani? Pete zimekaa vipi? Nani alifunga kichwa cha injini, alifunga kwa kufuata mpangilio ama alifunga ovyo? Jeti?

"Tumetoboa, Fundi. Ya chini."

"Mmetoboa." Aliweka mikono yote miwili juu ya chai kama mtu anayejishikilia kwenye ukingo wa lori. Uso wake ulikuwa umefunguka. "Basi kila kitu iko tayari. Imebaki maji tu. Kairitu, wameingiza maji Mwea?"

Wiki iliyotangulia nilikuwa Mwea na Swaleh. Tulipita barabara ile ile. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye matuta, meupe pande zote, na wanawake walikuwa wameinama humo.

"Bado," nikasema. "Bado hawajaingiza."

"Mwaka huu wamechelewa."

"Wamechelewa sana."

"Si neno." Akachuma ncha moja, akaizungusha kidoleni, akaitupa kikapuni. "Ukisikia tu wamefungua mifereji, usipige simu. Kuja mwenyewe, unichukue. Na umwambie huyo Swaleh, siku hiyo asibebe mchele ya mtu."